Kofia Ngumu ya Nusu Bei: Duka la Ng'ambo Likifa, Nani Hubeba Hasara?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Asubuhi yoyote katika stendi ya Bweri mjini Musoma, au pale Bunda yanaposimama mabasi ya Mwanza, au njia panda ya Makutano anaposhuka msafiri wa Butiama, anayempokea abiria kwanza ni mwendesha bodaboda. Mtazame kichwani. Mmoja amevaa kofia ngumu yenye mkanda uliokatika. Wa pili ameitundika kwenye usukani, ikisubiri askari wa usalama barabarani aonekane ndipo ivaliwe. Wa tatu anayo nzuri, imefungwa sawasawa chini ya kidevu, na ukimwuliza ameipata wapi atakujibu kwamba ameiagiza kwa simu kutoka nje ya nchi.

Huyo wa tatu ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo. Kwanza tumpongeze. Wataalamu wa tiba waliokusanya tafiti za nchi nyingi walikadiria kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki aliyepata ajali hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mtu anayekusanya fedha zake ili anunue kofia ya kweli, jaketi lenye kinga za viwiko na glovu zinazostahimili lami, anafanya jambo la busara kuliko anayenunua redio ya kufunga kwenye pikipiki.

Lakini siku hizi simu ya mkononi haimwonyeshi bidhaa tu. Humwonyesha pia tangazo lenye maandishi makubwa mekundu: punguzo la nusu bei, tunamaliza akiba, kila kitu lazima kiondoke. Duka liko Ulaya au Marekani. Kofia iliyokuwa ghali jana leo inapatikana kwa bei ya kofia ya sokoni. Je, hiyo ni bahati, au ni mtego? Jibu letu ni kwamba yaweza kuwa bahati. Hata hivyo, hapana budi mnunuzi ajue jambo moja kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa: anapolipia mzigo ambao haujasafirishwa, kwa duka linaloyumba, kwa wakati ule yeye si mnunuzi tu. Yeye ni mkopeshaji. Na ni mkopeshaji anayesimama mwisho wa foleni.

KWA NINI MADUKA HAYA HUYUMBA

Biashara ya mavazi ya pikipiki katika nchi za baridi ni biashara ya msimu. Huko pikipiki si kazi ya kila siku kama hapa kwetu. Wengi huipanda kwa starehe, majira ya joto, na baridi ikiingia huifunika turubai. Kwa hiyo duka hununua mzigo mkubwa kwa mkopo wakati wa baridi, likitarajia kuuza kuanzia mwezi Machi. Mvua ikinyesha mfululizo au watu wakibana matumizi, mzigo hubaki rafuni na deni hubaki benki. Mkulima wa pamba wa Bunda aliyechukua pembejeo kwa mkopo kisha mvua ikamkosa anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, watu wengi wa Ulaya na Marekani waliokuwa wamezuiliwa majumbani waliagiza vitu kwa mtandao kwa wingi mno. Maduka yakadhani hali ile itadumu. Yakajaza maghala. Kisha watu wakarudi katika maisha ya kawaida, bei za umeme na chakula zikapanda, na benki kuu zikapandisha riba. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 mwezi Desemba 2021 kabla ya kuanza kupanda. Kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Duka lenye ghala lililojaa kwa fedha za mkopo likajikuta linalipia usingizi wa mzigo wake.

Hapo ndipo punguzo la nusu bei linapozaliwa. Duka halipunguzi bei kwa kuwa limempenda mteja. Linahitaji fedha taslimu wiki hii ili lilipe mishahara na kumtuliza mdai mmoja. Fedha za mteja wa leo hutumika kulipa deni la jana, na mzigo wa mteja wa leo hutegemea fedha za mteja wa kesho. Siku mteja wa kesho asipotokea, gurudumu husimama.

FOLENI YA WADAI

Sasa tueleze kinachotokea gurudumu likisimama. Sheria za nchi nyingi zinafanana katika jambo hili, na sheria zetu wenyewe hazitofautiani sana nazo. Kampuni ikishindwa kulipa madeni, mahakama au wadai huweka msimamizi au mfilisi. Huyo hukusanya mali iliyobaki, huiuza, kisha hugawa fedha kwa zamu. Gharama za kazi ya ufilisi hukatwa. Benki iliyoshika dhamana ya majengo na mzigo hupata chake. Wafanyakazi, na katika nchi nyingine mamlaka ya kodi, huwekewa upendeleo fulani. Nyuma kabisa husimama wadai wasio na dhamana yoyote. Humo wamo waliouzia duka bidhaa kwa mkopo, aliyelipaka rangi jengo lao, na pia kijana wa Nyasho aliyelipia kofia ambayo haijatoka ghalani.

Waswahili walisema, kamba hukatikia pembamba.

Wengine watauliza, kofia niliyolipia si yangu tayari? Kwa mujibu wa sheria ya Uingereza, mathalani, bidhaa ambayo haijatengwa mahsusi kwa ajili ya mnunuzi fulani huhesabiwa bado ni ya duka. Ikiwa ghalani kuna kofia mia moja zinazofanana, na hakuna iliyowekewa jina lako, basi huna kofia, una dai. Kadhalika kadi za zawadi na salio la fedha ulizorudishiwa dukani zinaweza kugeuka kuwa karatasi.

Wakazi wa Musoma wanaokumbuka kusimama kwa kiwanda cha nguo cha MUTEX hawahitaji maelezo marefu hapa. Kiwanda kikisimama, kuta hubaki zimesimama zikionekana na kila mpita njia, lakini kuta hizo si fedha mkononi mwa anayedai. Tofauti ni kwamba kiwanda cha Musoma mtu angeweza kwenda kugonga geti. Duka la mtandaoni halina geti la kugonga, na mfilisi wake anaandika barua kwa lugha ya kwao, kwa anwani ya kwao, kwa tarehe ya mwisho ya kwao.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi Novemba 2017 kundi la Marekani liitwalo Motorsport Aftermarket Group, ambalo miongoni mwa mali zake yalikuwamo maduka ya vifaa vya pikipiki ya J&P Cycles na Motorcycle Superstore, liliomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya nchi hiyo. Sura ya 11 si kifo. Ni ruhusa ya kupumua: wadai huzuiwa wasinyang'anye mali wakati kampuni inajipanga upya. J&P Cycles liliendelea kuwapo, na mwaka 2020 likanunuliwa na Comoto, kampuni mama ya maduka ya RevZilla na Cycle Gear. Kwa hiyo si kila duka linaloyumba huanguka, wala si kila anayenunua humo hupoteza.

Mfano wa pili ni wa Uingereza, na unahusu baiskeli na mavazi yake. Wiggle lilikuwa duka kubwa la mtandaoni, likimilikiwa na kampuni ya Ujerumani, Signa Sports United. Oktoba 2023 kundi la Signa lilijitoa katika ahadi ya kuipatia kampuni hiyo euro milioni 150. Kabla mwezi haujaisha, Wiggle ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mwaka uliofuata kampuni ya Frasers ilinunua jina la Wiggle. Zingatia neno hilo, msikilizaji: jina. Mtu anaweza kununua jina la duka bila kununua madeni yake. Tovuti itafunguka tena kwa rangi zile zile, lakini ukidai mzigo wako wa zamani utaambiwa mwenye deni ni yule aliyekufa.

Mfano wa tatu unatugusa kwa karibu zaidi. Tarehe 29 Novemba 2024 kampuni ya KTM ya Austria, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa pikipiki Ulaya, ilifungua shauri la kushindwa kulipa madeni. Aliyekuja kuiokoa ni Bajaj ya India, kampuni ile ile inayotengeneza pikipiki za Boxer zinazobeba abiria wetu kutoka Bweri hadi Mwisenge. Februari 2025 wadai walikubali kulipwa asilimia 30 ya madai yao. Maana yake, aliyekuwa akidai euro 100 alikubali kupokea 30 na kusamehe 70. Na hiyo ni kampuni iliyopata mwokozi mwenye fedha. Duka dogo lisilo na mwokozi humwachia mdai wa mwisho senti, au humwachia barua tu.

Tusisahau la nyumbani. Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni iliyoandikishwa katika soko la hisa la New York mwezi Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania tarehe 27 Novemba mwaka huo huo. Lakini katika nchi nyingi za Afrika Jumia ilikuwa imezoea kumwacha mteja alipe mzigo ukimfikia mlangoni. Mteja wa aina hiyo, duka likifunga, hukosa bidhaa lakini habaki akidai fedha. Duka linaweza kufa vyovyote vile. Linalomwokoa mnunuzi ni wakati fedha zilipotoka mfukoni mwake.

UMBALI WA MARA

Mnunuzi wa Berlin akilipia leo, pengine mzigo utamfikia kesho kutwa. Siku zake za hatari ni mbili. Mnunuzi wa Butiama husubiri mzigo utoke ghalani, upande ndege, ufike Dar es Salaam, upite forodhani, kisha upakiwe kwenye basi au gari la posta hadi Musoma. Siku zake za hatari huhesabiwa kwa wiki. Ingawa duka likifa mzigo ukiwa tayari njiani mara nyingi hufika, wiki za mwanzo, kabla mzigo haujaondoka, ndizo anazokuwa mkopeshaji. Aidha, duka linaloyumba huchelewesha kwanza mizigo ya mbali, kwa sababu ndiyo yenye nauli kubwa na wateja wasio na namna ya kulalamika.

Kuna pia suala la hesabu. Kodi za forodha hazitozwi kwenye bei ya kofia peke yake. Hutozwa kwenye jumla ya bei, bima na nauli. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Kofia ya shilingi 400,000 imeshushwa hadi 200,000, na nauli ni 120,000. Tuweke ushuru wa asilimia 25, ambao nchi za Afrika Mashariki huutoza kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, na VAT ya asilimia 18. Bima na ada ndogo ndogo tuziache pembeni. Bila punguzo, kofia ingekufikia kwa 767,000. Kwa punguzo, inakufikia kwa 472,000. Ni nafuu kweli, lakini angalia: punguzo la asilimia 50 limekuwa la asilimia 38, kwa kuwa nauli haikupunguzwa na mtu. Kiwango halisi cha bidhaa unayotaka kakiulize ofisi ya TRA kabla hujalipa, usikiulize mzigo ukiwa umeshikiliwa.

Na kofia ikikubana? Sheria za Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa. Ni haki nzuri kwa mtu wa Paris anayeipeleka posta ya jirani. Kwa mtu wa Bunda ni nauli nyingine ya kurudisha, na kodi aliyokwisha kulipa ambayo kuipata tena ni safari ndefu. Tena anairudisha kwa nani? Kwa duka ambalo fedha za kumrudishia huenda zimekwisha tumika. Ndiyo maana kipimo cha kichwa kichukuliwe kwa futi ya fundi cherehani, sentimeta moja au mbili juu ya nyusi, kuzunguka sehemu iliyo nene zaidi, kisha kilinganishwe na jedwali la mtengenezaji wa kofia ile. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake.

DALILI ZA DUKA LINALOUMWA

Mgonjwa huonyesha dalili kabla hajalala kitandani. Ya kwanza ni muda wa kuwasilisha unaorefuka bila sababu, huku tovuti ikisisitiza kuwa bidhaa ipo. Ya pili ni simu na barua zisizojibiwa, hasa zinazouliza habari za kurudishiwa fedha. Ya tatu ni duka kuanza kupigia debe kadi za zawadi kuliko bidhaa, kwa maana kadi ya zawadi ni fedha leo na mzigo siku isiyojulikana. Ya nne ni saizi za kawaida kutoweka rafuni zikabaki za watoto na za majitu. Ina maana waliokuwa wakiliuzia duka wameacha kulikopesha.

Dalili ya tano ndiyo inayosema kweli kuliko zote, nayo ni njia za kulipa. Duka linapopokea malipo ya kadi, ipo benki inayolihudumia. Mteja asipoletewa mzigo na akadai fedha zake, benki hiyo ndiyo hulazimika kuzirudisha, hata kama duka halina kitu. Kwa hiyo benki huliangalia duka kwa jicho la mtu aliyemdhamini shemeji mlevi. Ikinusa hatari, huzuia sehemu ya fedha au hujitoa kabisa. Ukiona duka lililokuwa likipokea kadi sasa linataka fedha zitumwe moja kwa moja kwenye akaunti yake, ujue aliyelifahamu zaidi yako ameshaogopa. Usiwe jasiri kuliko benki.

Yapo pia mahali pa kuchungulia. Kampuni za Uingereza huandikishwa katika ofisi iitwayo Companies House, na mtu yeyote, hata akiwa Mugango na simu yake, anaweza kusoma bure kama kampuni imechelewesha hesabu zake za mwaka au imewekewa msimamizi. Ujerumani nako matangazo ya mahakama kuhusu ufilisi huwekwa hadharani kwenye mtandao. Dakika kumi za kusoma si nyingi kwa mtu anayetaka kutoa akiba ya miezi mitatu.

Tena jihadhari na maiti wanaofufuka. Agosti 2023 maduka ya Wilko ya Uingereza yalipowekwa chini ya wasimamizi, mara zilizuka tovuti za uongo zenye jina na nembo ya Wilko, zikitangaza bei za kutupa. Wasimamizi wakalazimika kuwaonya wananchi. Tapeli hupenda duka linalokufa, kwa sababu watu tayari wamesikia kwamba bei zimeshuka na hawashangai wakiziona.

NAMNA YA KULIPA

Ndugu msikilizaji, fedha zikitumwa kwa hawala au kwa akaunti ya benki ya mtu, zimekwenda. Zikilipwa kwa kadi ya Visa au Mastercard, ipo njia ya kuziita zirudi. Mzigo usipofika, mwenye kadi hupeleka dai kwa benki yake, si kwa duka. Kwa kawaida kanuni za kadi hutoa siku 120, zikihesabiwa tangu siku ambayo mzigo ulitakiwa kufika. Hapa wengi hukosea kwa upole. Duka huwaandikia, subirini wiki mbili. Kisha, subirini mwezi. Wanasubiri kwa adabu mpaka siku zinakwisha. Subira huvuta heri, lakini kalenda ya benki haina heri. Weka tarehe yako mwenyewe, na ikifika, peleka dai.

Kadi zinazofunguliwa ndani ya simu kupitia kampuni za simu nazo hutumika kununua nje, lakini kabla ya kulipa muulize mtoa huduma kama kadi hiyo inakubali madai ya namna hiyo, na dai hupelekwa wapi. Hifadhi kila karatasi: picha ya bidhaa na bei, namba ya oda, siku iliyoahidiwa, barua zote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi pale vijiweni. Tuseme vijana 20 wa kijiwe kimoja wamechanga wapate kofia za bei ya jumla, na fedha zote zimetumwa kwa jina la mwenyekiti wao. Duka likianguka, mwenyekiti hana mzigo wala fedha. Wenzake hawatamtafuta mfilisi wa Ulaya. Watamtafuta yeye, nyumbani kwake. Urafiki na imani ya miaka mingi vinaweza kuvunjika kwa kosa alilolifanya mkurugenzi asiyewahi kusikia jina la Bunda. Kwa hiyo kijiwe kisitume fedha zote mara moja. Kiagize kofia mbili kwanza, zifike, zipimwe, ndipo nyingine zifuate. Au kimtumie mfanyabiashara wa hapa nchini anayeingiza mzigo kwa mtaji wake, mkaandikiana, mkalipa salio mzigo ukionekana kwa macho. Huyo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 na Tume ya Ushindani zinaweza kumfikia. Wa ng'ambo, mkono wao ni mfupi.

MZIGO UKIFIKA

Tuseme yote yamekwenda vema na boksi limefika Musoma. Kazi haijaisha. Maduka yanayomaliza akiba huuza kilichokaa, na kofia ina umri. Ndani ya ganda lake kuna povu gumu jeupe, la jamii ile ile ya boksi jepesi la kusafirishia minofu ya sangara. Povu hilo ndilo linalookoa ubongo, kwa kubonyea badala ya fuvu kubonyea. Likibonyea mara moja halirudi. Ndiyo sababu kofia iliyopata ajali haifai tena, na kofia ya mtumba ni fumbo lisilo na jibu. Tafuta tarehe ya kutengenezwa ndani ya kofia. Wataalamu wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi ya matumizi.

Kisha tazama alama. Kofia iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, inayotumika Ulaya, huwa na kitambaa kidogo, aghalabu kwenye mkanda wa kidevuni, chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Chini yake namba ya idhini huanza na 05 au 06. 06 ni toleo jipya lililoanza kutumika mwaka 2021, likiwa na vipimo vikali zaidi, hasa vya pigo la mshazari. Kofia za 05 si mbovu, lakini ni za toleo la zamani ambalo maduka mengi yamekuwa yakiliondoa ghalani. Ukiuziwa 05 kwa bei ya 06, hukupata punguzo. Herufi P nayo huonyesha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa kuwa inakinga. NP huonyesha kwamba haikingi. Alama ya DOT ya Marekani, kwa upande wake, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe akithibitisha kwamba ametimiza masharti. Kubandika maandishi hayo ni rahisi, kwa hiyo yasikutoshe.

Kwa jaketi na suruali, viwango vya Ulaya hutumia herufi: AAA ni kinga ya juu kabisa dhidi ya kuburuzwa, kisha AA, kisha A. Usivutwe na jaketi zito la ngozi lililoshonwa kwa baridi ya Ujerumani. Juani katika barabara ya Bunda utalivua siku ya pili, na jaketi lililotundikwa msumarini halimkingi mtu. Heri jepesi lenye matundu ya hewa na kinga za viwiko na mabega, ambalo litavaliwa kila siku.

Kwa kumalizia, hatusemi watu wasinunue ng'ambo. Kijana wa Mara ana haki ya kichwa kizima kama kijana wa Milano, na soko letu bado halijampa kofia za kutosha zilizo bora kwa bei anayoimudu. Tunasema ajue nafasi yake. Aliyelipa kabla ya mzigo kutoka amekopesha. Na mkopeshaji mwenye akili humchunguza mkopaji, hutoa kiasi anachoweza kukipoteza, na huhakikisha ana njia ya kukirudisha. Nusu bei ya kofia inayofika ni neema. Nusu bei ya kofia isiyofika ni hasara kamili, na kesho yake asubuhi mwenye hasara hiyo atapanda pikipiki kichwa wazi, kwa sababu fedha za kofia zimekwisha.